Mpunga wa Bi Hadija Kabla ya Bamvua

Maji ya bahari yaliingia shambani tukiwa bado tunavuna, na hakuna aliyekimbia. Wanawake walipandisha khanga wakazifunga upya juu ya magoti, wanaume wakakunja suruali, na mstari wa watu ukaendelea kusonga mbele huku miundu ikikata. Kisha mtumbwi ukaingia katikati ya mpunga, mwanamume mmoja akiusukuma kwa upondo, na watu wakaanza kutupia miganda ndani yake bila kusimama. Mimi nimezaliwa penye majaruba ya Nzega na nimelima mpunga tangu nilipoweza kushika jembe. Kwetu mganda unabebwa kichwani. Sikuwahi kufikiri kwamba ipo nchi ambako mtumbwi unaufuata mganda hadi ulipokatiwa.

Nirudi nyuma. Kilichonitoa nyumbani ni ubishi. Rafiki yangu Salma, muuguzi anayefanya kazi Kibiti, aliniambia kwa simu kwamba kwao hawachimbi mifereji wala hawainui matuta. "Bahari ndiyo inatumwagilia, shoga yangu." Nikamjibu kwamba chumvi inaua mpunga, jambo hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Akacheka kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Basi njoo ubishane na mama. Nachukua likizo niende nikamsaidie kuvuna. Twende wote." Mimi nauza mchele sokoni, na maneno yale yaliniwasha. Wiki hiyohiyo nikafunga mzigo.

Bungu. Basi kutoka Dar es Salaam lilinishusha hapo, kwenye barabara kuu ya kusini, asubuhi jua likiwa halijakomaa. Salma alikuwa ananingoja na bodaboda mbili. Tukaiacha lami tukaingia njia ya Nyamisati, katikati ya mikorosho na minazi, na kila baada ya mwendo kidogo likatokea shamba la ufuta, majani yake yakianza kugeuka manjano. Tuliposimama kunywa maji Salma alinionyesha shamba moja.

"Unaona ule? Ukikauka hausubiri mtu. Ganda linapasuka lenyewe, mbegu zote chini. Watu wengi wa kwetu wana mpunga kule majini na ufuta huku juu, na vyote vinawaita wakati mmoja. Likumbuke hilo, utalisikia sana huko tuendako."

Nyamisati, kabla ya adhuhuri. Tulipanda boti ya injini pamoja na magunia matupu, madumu ya mafuta na kuku wa mtu. Kwa muda hatukuona ila mikoko, kushoto na kulia, mizizi yake ikisimama juu ya tope, na mto ukigawanyika hata nikapoteza hesabu ya tulikoingilia. Tulipita kijiji upande wa Salale. Milango imefungwa. Mitungi imefunikwa. Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani akishona wavu, akatupungia mkono.

"Wamekwenda wapi?" nikauliza.

"Kondeni," Salma akasema. "Mpunga ukianza kubeba, kijiji kinahama. Huyo ameachwa alinde nyumba."

Konde ndilo jina la bonde zima la mashamba, na tulilifikia maji yakiwa yamejaa. Mpunga ulienea hadi ukuta wa mikoko, mwingine wa dhahabu, mwingine umeshakatwa, na juu yake zimesimama nyumba za miti zenye miguu mirefu. Wanaziita madungu. Kila dungu lina sakafu ya fito, paa la makuti, jiko la udongo kwenye kona na ngazi ya kuvuta juu wakati wa kulala, maana kiboko hupita chini. Hapo watu hupika, husali, hulala na kulea. Kutoka kila dungu zimetandazwa kamba ndefu zilizofungwa makopo, chupa na vipande vya mabati. Ndege wakitua, mtu huvuta kamba akiwa amekaa palepale, makopo yanapiga kelele, na ndege huruka kwenda kumsumbua jirani. Jirani naye huvuta yake. Mchana wote konde linalia hivyo.

Mama yake Salma, Bi Hadija, alitupokea juu ya ngazi. Ni mwembamba, na sauti yake inafika mbali bila kupandishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu Mnyamwezi anayebishana na bahari?"

Kabla sijajibu, sauti ya kiume ikatoka dungu la jirani, ng'ambo ya uwanja wa mpunga uliokatwa. "Salma! Umetuletea mpagazi? Mwambie mizigo ipo, asihofu."

Huyo alikuwa Athumani, na nilifurahi kwa kuwa sikutegemea utani wa Wanyamwezi na Wandengereko unifuate hadi huko majini. Nikamjibu kwamba nimekuja kuwahesabu watani zangu waliobaki, maana kwetu tumesikia Mndengereko akishiba anahama nyumba na kwenda kuishi juu kama kunguru. Mkewe, Mwajuma, alicheka hadi akaachia kamba, na ndege wakatua kwenye mpunga wao.

Bi Hadija hakungoja nipumzike. Alinishusha ngazi, akaniambia nichote maji kwa kiganja. "Onja." Nikaonja. Yalikuwa matamu, maji ya mto kabisa. "Bahari ikijaa inausukuma mto nyuma," akasema. "Mto hauna pa kwenda, unapanda shambani kwetu. Bahari ikipwa, mto unashuka. Hiyo ndiyo mifereji yangu."

"Na chumvi?"

"Chumvi ipo nyuma, inangoja. Mvua zikikatika mto unachoka, bahari inakuja yenyewe. Ndiyo maana naonja." Akachovya kidole, akakitia mdomoni, akatulia kama mtu anayeonja mchuzi. Nilimwona akifanya hivyo kila maji yalipojaa, kabla ya kupiga stori na mtu yeyote.

Ubishi wangu ulikwisha hapo. Shida ya Bi Hadija ndiyo kwanza nilianza kuielewa.

Mashamba mengi ya jirani yalikuwa yamevunwa au yalikuwa yanamaliziwa. La kwake lilikuwa limesimama. Wenzake siku hizi wanapanda mbegu fupi, inayokomaa upesi. Yeye anapanda mbegu ya zamani iitwayo Ngojamgeni, ndefu, nzito, inayochelewa, na ambayo ikipikwa harufu yake hufika dungu la tatu. Hakuna mwingine aliyebaki nayo konde lile. Kuchelewa kwake kuna gharama mbili. Kwanza bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo, yalikuwa yanakaribia, na safari hii yangekuja na chumvi. Mpunga ambao maji yangeulaza ungeoza kwenye tope. Pili, ndege. Shamba moja likibaki peke yake, ndege wa konde zima wanahamia hapo.

Kwa sababu hiyo wana desturi: konde halihamwi mpaka shamba la mwisho livunwe. Anayemaliza mapema hukaa dunguni kwake, akaendelea kuvuta kamba zake, ndege wakatawanyika, hadi jirani wa mwisho afunge jamvi. Mwaka huu wewe unakaa kwa ajili ya fulani, mwaka mwingine fulani hukaa kwa ajili yako.

Kesho yake alasiri, wanawake walitwanga pepeta. Unakatwa mpunga ambao punje zimeanza kujaa lakini bado zina unyevu, unakaangwa chunguni, kisha unatwangwa ungali moto hadi punje zinalala bapa kama magamba ya samaki. Wanatwanga watatu kinu kimoja, mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka, wa tatu yuko njiani. Mwajuma alinipa mchi.

"Usihesabu," akaniambia. "Ukihesabu utaumiza mtu."

Nilihesabu. Nikagonga mchi wa Bi Hadija, ukaruka pembeni, wakakaa chini wakicheka. Mara ya tatu nikaingia sawa, na sijui nilifurahia nini zaidi, mlio ule wa michi mitatu au pepeta yenyewe, ya moto, yenye nazi na sukari kidogo, tuliyoila kwa mikono juu ya sakafu ya fito huku maji yakipita chini yetu.

Jioni ile Bi Hadija alionja maji, akatema. "Yameanza," akasema. Akamwita Athumani ng'ambo. "Baba, kesho."

"Tumekusikia," Athumani akajibu.

Asubuhi ya mavuno. Walikuja kutoka kila dungu, kwa miguu na kwa mitumbwi, wakasoma dua fupi, kisha Bi Hadija akawagawia ngwe, yaani kila kundi na kipande chake cha kukata. Alianza na upande wa mkondo, bahari inapoingilia. Ngwe moja, iliyo juu kidogo, maji yasikopanda sana, karibu na dungu lake, aliifunga kamba ya ukindu pande zote. "Hii msiiguse. Ni mbegu. Niliichagua mche kwa mche, nikaipanda mwisho. Haijakomaa."

Tukaanza. Nilijipanga kati ya Salma na Mwajuma, na sitadanganya, walinipita. Wao hukamata masuke kwa mkono wa kushoto na kukata kwa mundu bila kuinuka. Mimi nilikuwa nainuka kila mara kunyoosha mgongo, na kila nilipoinuka Athumani aliniona.

"Mnyamwezi, mzigo uko chini huko. Mbinguni hakuna kitu."

"Natafuta mahali mlipoificha bahari yenu."

"Usijali, inakuja yenyewe."

Ikaja. Kwanza nyayo zikalowa, kisha vifundo vya miguu, kisha ile hali niliyoieleza mwanzoni. Mtu alianza wimbo, wote wakaudaka: bahari inabisha hodi, mwambie mwenye nyumba anavuna. Wimbo ukaharakishwa na miundu ikaharakishwa nao. Athumani akaenda akarudi na mtumbwi wake, akauingiza shambani moja kwa moja, kwa kuwa sasa ulielea. Maji yaliyokuja kuharibu yakawa ndiyo mchukuzi. Miganda ikajaa, mtumbwi ukaenda kuipakua dunguni, ukarudi. Tulipofika kwenye kamba ya ukindu maji yalikuwa magotini, na nyuma yetu hapakuwa na suke lililosimama. Watu walipiga vigelegele. Nilikuwa nimelowa hadi kifuani na nilitaka tuanze upya.

Baada ya swala ya alasiri tulikaa dunguni kwa Athumani tukila wali mpya kwa kamba wa kukaanga. Hapo ndipo furaha ilipopata mpaka. Athumani alinawa, akakaa vizuri.

"Mama Hadija, alhamdulillahi, shamba limevunwa. Kesho au keshokutwa tunapakia."

Bi Hadija aliendelea kula. "Umevunwa mpunga ninaokula. Nitakaopanda bado umesimama."

"Ile ni mbegu, mama. Mbegu si shamba."

"Nani alisema?"

"Desturi inasema shamba la mwisho."

"Desturi inasema mpunga wa mwisho. Ndege hajui kama ni mbegu au chakula. Nyinyi mkiondoka wote, wote wanakuja kwangu. Ngwe moja, baba. Wataimaliza kwa mchana mmoja." Akaweka tonge chini. "Mwaka shamba lako lilipokuwa la mwisho, nilikaa mpaka ukafunga jamvi."

"Ulikaa, na sijasahau," Athumani akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anatania. "Lakini ufuta wangu uko Ruaruke hauna mtu. Ukipasuka nitauokota kwa nini, kwa sindano? Mwaka ule sikuwa na ufuta. Hakuna aliyekuwa nao. Sasa tunao wote."

Salma alinitazama, nami nikatazama sahani. Walikuwa wanasema kweli wote wawili. Desturi ilitungwa watu walipokuwa na shamba moja, na ngwe ile ya mbegu ingehitaji siku kadhaa bado, wakati ufuta haukuwa na siku za kugawa.

Ni Mwajuma aliyesema kwanza, akimenya kamba kwa ajili ya mumewe. "Ndege hamwogopi mtu. Anaogopa kelele. Sisi tukaondoka, kelele zetu tukaziacha, kuna ubaya?"

"Kelele zako unaziachaje?" Athumani akauliza. "Unazimimina kwenye mtungi?"

"Makopo, mume wangu. Makopo."

Asubuhi iliyofuata niliona kazi ambayo sikuwahi kuiona. Watu waliokuwa wanafungasha kuondoka walizunguka konde zima wakifungua kamba zao na kuzikusanya: makopo ya maziwa, chupa za plastiki zenye kokoto, mabati yaliyotobolewa, sufuria isiyo na kitako, kengele moja ya baiskeli. Walizipeleka zote kwenye ngwe ya Bi Hadija, wakasimika fito, wakazivuta huku na huko juu ya mpunga hadi ikawa kama wavu, na ncha zote wakazifunga kwenye nguzo moja ya dungu lake. Mwanamke mmoja alileta pia sanamu aliyoivalisha shati la shule. Athumani ndiye aliyepewa heshima ya kujaribu. Alivuta. Konde lote lililia. Ndege waliokuwa kwenye mikoko ng'ambo ya mkondo waliruka kwa pamoja, na sisi tulicheka hadi machozi.

Bi Hadija alicheka pia. Kisha alivuta mwenyewe, mara moja, akasikiliza. Ndege waliruka, wakazunguka, wakarudi kwenye mikoko wakatulia.

"Leo wanaogopa," akasema. "Baada ya siku chache ndege anatua juu ya kopo."

Nilimwona Mwajuma, wakati mumewe anafunga mzigo, akipanda ngazi ya Bi Hadija. Alimwambia kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa palepale nakunja mkeka: "Mama, ikikomaa, na mimi niwekee kibaba. Nimechoka na ile mbegu yetu, wali wake hauna harufu." Bi Hadija akamwambia, "Omba Mungu ikomae kwanza." Wakashikana mikono muda mrefu.

Kuondoka. Nilisafiri na boti ya kina Athumani, kwa kuwa nauli ya basi langu ilikuwa imeshalipwa. Salma alibaki na mama yake kwa siku zilizosalia za likizo. Madungu tuliyoyaacha nyuma yalikuwa hayana moshi tena, ila lile moja. Kabla hatujakata kona tulisikia makopo yakilia, na Athumani, aliyekuwa anaendesha, alipunguza mwendo akageuka kutazama. Akaongeza mwendo.

Ruaruke, siku hiyohiyo jua likiteremka. Athumani aliniomba nipite nione alichokuwa anakitetea, na nilipita. Ufuta wake ulikuwa umekomaa kweli. Alikata bua moja kwa uangalifu, akaligeuza juu ya khanga ya mkewe, na mbegu zikamwagika zenyewe kwa mlio kama wa mvua ya kwanza. Kwenye mistari ya pembeni maganda yalikwisha kupasuka na chini kulikuwa kweupe.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Basi ukifika kwenu usiseme tulimkimbia."

Sikusema hivyo na sisemi hivyo sasa. Nililala kwao, asubuhi nikawasaidia kufunga matita ya ufuta na kuyasimamisha yakauke, kisha nikaenda Kibiti kupanda basi. Nilichojifunza nawaandikia watu wa Nzega bila kupunguza. Bahari inaweza kumwagilia mpunga, mkiwa na mtu wa kuonja maji. Pepeta haitwangwi kwa kuhesabu. Na desturi nzuri inaweza kuzidiwa bila mtu yeyote kuwa mbaya. Inatosha kila mmoja awe na zao la pili.

Kondeni hakuna mtandao. Salma alinitumia ujumbe mara moja tu, alipokwenda Nyamisati kununua sabuni na chumvi, ikiwa imebaki kidogo arudi kazini. Nimeusoma mara nyingi. Aliandika kwamba ndege wameshayajua makopo, kwamba mama yake sasa anasimama katikati ya ngwe kuanzia alfajiri akipunga shuka na kupiga kelele kwa mdomo, na kwamba amekataa kuvuna mapema. Jirani mmoja aliahidi kurudi akimaliza ufuta wake, lakini Salma hakuandika ni nani. Mstari wa mwisho ulisema punje bado ni laini ukiziuma.

Tangu hapo simu yake haipatikani; bila shaka bado yuko kondeni na mama yake.